Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: mama alipewa mpira

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, mtoto wa muuza vitumbua. Mwaka juzi mama alipigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala. Alikolazwa walihangaika naye: presha ikashuka, akafundishwa kusimama. Siku ya kuruhusiwa akakabidhiwa mpira mdogo wa kuminya, mara mia kwa siku. Aliminya siku tatu. Ya nne akampa mjukuu akachezee.

Alfajiri ndizo zilizomuuma. Miaka yote aliamka kabla ya adhana, mchele umelowekwa tangu jana, iliki imetwangwa. Sasa wateja waliokuwa wakimdai chenji wanapita barazani kumpa pole. Mama Vitumbua wa mtaa mzima akageuka "yule mgonjwa". Akaacha hata kuchana nywele.

Bahati yetu, binti wa jirani alikuja likizo. Ni mtoa tiba kwa vitendo, yule anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku; kasomea hospitali ya KCMC, Moshi. Hata mkono hakuugusa kwanza. Aliuliza: "Bibi, asubuhi yako ilikuwaje?" Mama akaongea nusu saa.

Kesho yake wakaingia jikoni. Bakuli likawekwa juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Mkono mzima ukakoroga, uliolala ukaegemezwa ukingoni kulizuia. Jiko likapandishwa juu ya matofali ili ageuze akiwa amekaa, kwa kushoto, maana wa kulia hausikii moto, ungeungua asijue. Vitumbua kumi vya kwanza walikula kuku.

Binti alitusimulia kwamba fani yake iliundiwa chama Marekani mwaka 1917, na mwasisi mmoja, George Barton, msanifu majengo, alipooza upande wa kushoto akajiinua kwa useremala na bustani. Mama akauliza mboga alikuwa akiuza bei gani.

Siku hizi anakaanga Ijumaa na Jumapili. Mkono haujapona, sikudanganyi. Ila majuzi wenzake wa kikoba walimfuata kudai mchango wa mwezi. Alivyofurahi kudaiwa!

Ndugu Mganga Mkuu, si kila mtaa una binti anayerudi likizo. Kwenye ikama ijayo, yaani mpango wa idadi ya watumishi, tuombee watoa tiba kwa vitendo hadi wilayani, na chumba chenye jiko la mkaa, ndoo, jembe, nyavu zilizochanika za wavuvi wa pale Deep Sea, hapa Tanga. Na mbuzi ya kukunia nazi. Kuikalia usianguke ni kipimo kuliko mpira. Hiyo nitaleta mwenyewe. Ya mama imekaa tu, nazi tunamkunia sisi.

Mkazi wa Ngamiani, Tanga