Kiini cha yai kinawaua vifaranga wa enjeli

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako. Kurasa za mifugo zimejaa kuku, sungura na sato wa mabwawa, na hilo ni sawa. Samaki wa mapambo wanaofugwa kwenye matangi ya kioo sebuleni hupata aya moja kwa nadra, na katika aya hiyo ushauri hauachi kujirudia: enjeli wako, samaki waitwao kwa Kiingereza angelfish, wakiangua, wape vifaranga kiini cha yai la kuchemsha. Sisi tunaozalisha samaki hawa tunaupinga ushauri huo.

Kifaranga wa enjeli ni mwindaji tangu siku ya kwanza ya kuogelea. Anafuata kitu kinachojongea. Kiini cha yai hakijongei. Kinayeyuka na kuyafanya maji kuwa kama ya mchele ulioroweka, kisha chembe zake zinatua chini na kuoza. Bakteria wanaongezeka, hewa ya maji inapungua, amonia, sumu inayotokana na uozo na uchafu, inapanda. Siku ya tatu vifaranga 300 wamekuwa 20, na mwenye tangi anaambiwa kwamba wazazi walikuwa na damu mbaya. Wazazi hawana kosa. Shida ni chakula na maji, na vyote viwili vina dawa.

Enjeli asili yake ni bonde la mto Amazon, lakini ni wa ukoo mmoja na sato na perege wetu. Tofauti ni kwamba sato hubeba mayai mdomoni, ilhali enjeli huyabandika kwenye jani pana, kigae au hata bomba la chujio, mayai 200 hadi 400 kwa mara moja, kisha huyapepea kwa mapezi. Mayai yote yakigeuka meupe ndani ya siku mbili, angalia kwanza kama "jozi" yako si majike wawili, maana majike hutaga pamoja bila wasiwasi wowote. Wakati wa kutaga dume huonyesha kijibomba chembamba chenye ncha chini ya tumbo. Cha jike ni kinene na butu. Sababu ya pili ni maji magumu, yale ya kisima ambayo sabuni haitoi povu. Yachanganye nusu kwa nusu na maji ya mvua, ila acha mvua ioshe paa kwanza, na usikinge kwenye mabati mapya, kwa sababu zinki yake ni sumu kwa samaki.

Je, wazazi waachiwe mayai? Kwenye tangi lililotulia, wanaweza kulea vizuri na inapendeza kuwatazama. Kwenye tangi la sebuleni, watoto wakigonga kioo na taa ikiwashwa na kuzimwa ovyo, watayala. Ukitaka idadi, yaondoe. Siku wanapoanza kusafisha mahali pa kutagia, egemeza kigae au kipande cha bomba la plastiki hapo. Wakimaliza kutaga, kihamishie kigae kwenye chombo cha lita 10 kilichojazwa maji ya tangi hilohilo, joto nyuzi 28. Weka jiwe la hewa, lile la vitundu linalotoa mapovu ya pampu, sentimita 4 hivi kando ya mayai: mkondo wa maji uyapitie, mapovu yenyewe yasiyagonge. Tia methilini bluu ya asilimia 1, mililita 2 kwa lita hizo 10, kuzuia ukungu. Chujio lisiwemo, kwa kuwa dawa hiyo itawadhuru bakteria wake wazuri wanaosafisha maji. Yai jeupe litoe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kabla ukungu haujatambaa hadi kwa jirani yake.

Kwa nyuzi 28 mayai huanguliwa baada ya saa 48 hadi 60. Kinachotoka hakijawa samaki bado. Ni vimkia vinavyotetemeka, vimeshikwa kwenye kigae kwa uzi wa kunata ulioko kichwani. Hapa ndipo watu wanapokosea kwa huruma. Usiwalishe! Kwa siku 4 au 5 wanaishi kwa kiini chao wenyewe tumboni, na mdomo haujaanza kazi. Badilisha theluthi ya maji kila siku kwa maji ya joto lilelile hadi rangi ya bluu ififie. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, ufyonze kwa karatasi laini. Kifaranga anapoanza kuogelea hujaza hewa kwenye kibofu chake, na maji machafu yenye utando hukwamisha jambo hilo. Wale wanaobaki kujikokota kwa tumbo chini ya tangi wiki nzima baada ya wenzao kupaa hawaponi.

Wakishaogelea wote, chakula kiwe tayari asubuhi hiyohiyo, kwani wakipitisha siku mbili bila kula wengi hawana nguvu tena ya kukamata kitu. Chakula chenyewe ni artemia, kamba wadogo wa maji ya chumvi ambao mayai yao hukaushwa na kuuzwa kwenye makopo. Hawa si wageni kabisa kwetu: walipandikizwa miaka ya 1980 kwenye mabwawa ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi, na wamo huko hadi leo.

Kuwaangua ni kazi ya chupa ya maji ya lita 1.5. Ikate kitako, igeuze mdomo chini, kifuniko kikiwa kimefungwa. Mimina lita 1 ya maji, vijiko viwili vya chakula vya chumvi, vya kufutwa si vya mlima, na chembe za magadi ya kupikia kwa ncha ya kisu ili maji yasiwe na uchachu. Mayai ya artemia, nusu kijiko cha chai tu. Shusha mpira wa hewa hadi chini kabisa, ufungue kwa nguvu mpaka maji yachemke kwa mapovu, bila jiwe, na uache taa karibu. Kwa nyuzi 26 hadi 28, saa 24 baadaye maji yatakuwa na rangi ya chungwa. Wakitoka wachache, mara nyingi kopo limeingia unyevu. Likifunguliwa likae ndani ya friji, limefungwa kabisa.

Sasa zima hewa kwa dakika 10. Maganda yataelea juu, artemia watakusanyika chini, hasa ukiweka tochi hapo. Wavute kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa karibu karibu, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi ndipo uwape. Maganda usiyapeleke kwenye tangi, yanaziba matumbo ya vifaranga. Andaa chupa mbili, moja ikiwahi nyingine kwa saa 12, ili kila mlo uwe wa artemia walioanguliwa karibuni, maana kadiri saa zinavyopita wanatumia akiba yao na kubaki maganda matupu.

Lisha mara 3 au 4 kwa siku, kidogo. Kipimo ni matumbo: ndani ya dakika chache kila tumbo liwe jekundu la chungwa kama limemeza punje ya achari. Artemia waliobaki wataishi kwenye maji yasiyo na chumvi saa chache tu, kisha watakufa na kuoza, na hapo tutakuwa tumerudi kwenye kiini cha yai kwa njia ndefu na ya gharama zaidi. Usiku acha taa hafifu siku za mwanzo, vifaranga wasitawanyike gizani.

Tangi la kulelea liwe la lita 40 (sentimita 45 kwa 30 kwa 30 linatosha), sakafu tupu bila mchanga wala mawe. Wahamishe kwa kikombe, kamwe si kwa wavu. Chujio liwe la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa. Chujio la mota linawanyonya. Na sponji hiyo iwe imekaa kwenye tangi la wazazi wiki 4 hadi 6 kabla, ivute bakteria wanaoigeuza amonia. Sponji mpya kutoka dukani ni pambo tu. Pwani joto la chumba linatosha miezi mingi. Arusha, Iringa au Nairobi utahitaji hita ya wati 50 na kipimajoto unachokiangalia, si cha kubandika tu.

Kila jioni vuta uchafu wa chini kwa mpira wa hewa. Maji yadondokee kwenye ndoo nyeupe ili kifaranga aliyevutwa aonekane na kurudishwa. Anza kwa kutoa robo ya maji, wiki ya pili fikia nusu. Maji ya bomba yaache saa 24 yakipigwa hewa ili klorini itoke, na ndoo ifunikwe, maana mbu wa dengue, ambayo Dar es Salaam iliionja 2014 na tena 2019, hupenda ndoo safi kama hizo. Kwa sababu hiyohiyo hatumshauri mtu afuge viluwiluwi vya mbu nyumbani, hata kama samaki wanavipenda.

Vifaranga wakianza kufa kwa makumi kati ya siku ya 10 na ya 20, wengi hukimbilia dawa. Pima amonia kwanza. Ikionekana hata kidogo, badilisha nusu ya maji asubuhi na nusu jioni, na punguza chakula. Vifuniko vya mashavu vilivyo vifupi, hadi mashavu mekundu yanaonekana nje, mara nyingi ni alama ya maji yaliyochakaa mapema. Tazama pia kioo kwa karibu: vijiti vidogo vyeupe vyenye nyuzi vinavyojikunyata ukivigusa ni haidra, wanaokula vifaranga na kunenepeshwa na artemia wako. Hamisha vifaranga, safisha tangi kwa maji ya moto yenye chumvi, ukiyamimina polepole kioo kisije kikapasuka kwa joto la ghafla.

Umeme ukikatika, acha kulisha. Chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila robo saa, au tumia pampu ndogo ya betri. Sponji usiiache ikauke.

Kuanzia wiki ya tatu watachukua umbo la enjeli, na wiki ya nne wataanza kukubali chakula kikavu kilichosagwa, kikichanganywa na artemia. Hapo ndipo tangi la lita 40 linakuwa dogo. Wakifika ukubwa wa kifungo cha koti, hesabu lita 4 kwa kila mmoja. Asiyekuwa na nafasi hiyo agawe mapema, asisubiri wajikunje mapezi. Wa ziada wasimwagwe mtoni wala ziwani.

Kwa wenye maduka ya samaki, ombi letu ni moja. Mnauza jozi za enjeli wanaotaga, lakini mayai ya artemia mnayaweka kwenye makopo makubwa ambayo mfugaji wa tangi moja hawezi kuyanunua, wala kuyamaliza kabla hayajaharibika. Yafungeni kwenye vipakiti vya gramu 30 visivyoingiza hewa, viandikwe tarehe kopo lilipofunguliwa. Gramu 30, kwa kipimo tulichokieleza cha chupa mbili, ni chakula cha siku kumi hivi.

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Dar es Salaam