Barua kwa mwanangu: Kila mtoto aguse mpira

Muheza, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Salamu zako zimefika, na sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama huko Tandahimba maji bado ni ya kununua kwa ndoo.

Nimefurahi mno kusikia mwalimu mkuu amekukabidhi michezo. Umesema hujawahi kucheza mpira na unaogopa watoto watakugundua. Usiogope. Anayemfundisha mtoto wa darasa la tatu si lazima awe mchezaji. Awe na subira, awe na macho, na ajue mambo machache kwa uhakika. Hayo machache ndiyo nakuandikia, maana kwenye simu tutakatikiwa na salio kabla sijafika nusu.

Ukisahau yote, hili lishike: kila mtoto aguse mpira, tena mara nyingi. Shule nyingi mwalimu analeta mpira mmoja, wakubwa 22 wanaingia uwanjani, darasa zima lililobaki linashangilia pembeni na kipindi kimekwisha. Hebu piga hesabu. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Zigawe kwa watoto 22: hata mpira usipotoka nje kabisa, kila mmoja anabaki na dakika moja na ushee. Na unajua hazigawanyiki sawa. Wale wawili watatu wenye nguvu wanazibeba zote, na mtoto mdogo wa pembeni anarudi darasani hajaugusa. Cheza wanne kwa wanne, hesabu hiyohiyo inampa kila mtoto karibu dakika nne. Kwa hiyo gawanya uwanja. Uwanja mmoja mkubwa unatoa viwanja vinne au sita vidogo, hatua 25 kwa 15 hivi, mipaka ukiichora kwa majivu na magoli yakiwa chupa za maji zilizojazwa mchanga.

Utaniuliza mipira itatoka wapi. Watoto wenyewe wanajua. Waambie kila mtoto aje na mpira wake wa makaratasi na matambara, uliofungwa kwa kamba au vipande vya tyubu ya baiskeli. Usiudharau mpira huo. Haudundi sana, unakaa karibu na mguu, na mguu peku unausikia vizuri. Watoto wa Mbagala, Dar es Salaam, walikokulia wachezaji kama Mbwana Samatta, wamekua na chandimu ya mchangani, na mchanga wa huko uliko wewe ni uleule wa kuchosha miguu. Ukipata fedha za kununua mipira ya dukani, usinunue namba 5. Huo ni wa watu wazima, uzito wake gramu 410 hadi 450, na mtoto wa miaka tisa akiupiga kwa nguvu unamuumiza mguu na unamfundisha kuuogopa. Chukua namba 4, na kwa wale wa darasa la kwanza na la pili namba 3. Usiujaze upepo mpaka uwe jiwe. Ukiuminya kwa dole gumba ubonyee kidogo.

Sasa pasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtoto akijua kutoa pasi na kuutuliza mpira, mchezo umeshafunguka kwake. Wengi watakuja wakipiga kwa ncha ya vidole, na kwa mguu peku ndivyo kucha zinavyong'oka. Waonyeshe upande wa ndani wa mguu, pale katikati ya dole gumba na kisigino. Mguu wa kusimamia uwekwe ubavuni mwa mpira, upana wa kiganja ukibaki kati yao, vidole vikitazama kule anakopeleka. Goti likunjwe kidogo. Mguu wa kupiga ugeuzwe nje, kifundo kikazwe, vidole viinuliwe kidogo, kisha aupige mpira katikati na mguu uufuate ulikoelekea. Mpira ukipaa, tazama kiwiliwili chake: amelalia nyuma. Ukienda kombo, tazama mguu wa kusimamia: vidole vimeangalia kwingine. Ukiwa dhaifu, kifundo kimelegea. Mambo hayo matatu tu ukiyaona, watoto watadhani umecheza ligi kuu. Mwambie mtoto kosa moja kwa wakati mmoja. Ukimwambia yote matatu atasimama kama mti.

Kutuliza kunakwenda pamoja na pasi. Mpira unapokuja, mtoto auelekeze mguu, na pale unapogusa aurudishe nyuma kidogo ili nguvu ya mpira iishe. Asiukanyage tu. Baadaye, wakishazoea, wafundishe kuutuliza kuelekea pembeni, mahali penye nafasi, ili pasi inayofuata iwe tayari. Wawili wawili, hatua tano kati yao, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Mguu wa kushoto watakulalamikia, usiwasikilize. Mtoto wa miaka minane anajifunza miguu yote miwili kwa urahisi kuliko atakavyoweza akiwa na miaka kumi na sita.

Wakichoka na hayo, wape mtu kati: wanne wamezunguka, mmoja katikati anausaka mpira, aliyepoteza anaingia. Hapo watajifunza kuinua kichwa bila wewe kusema "inua kichwa". Kukokota mpira nako usifundishe kwa mstari wa chupa pekee, mtoto mmoja anakwenda na kumi na tisa wanasubiri. Waweke wote ndani ya mraba, kila mmoja na mpira wake, wakokote bila kugongana. Ukipiga filimbi mara moja wanageuka, mara mbili wanausimamisha kwa unyayo. Kelele zitakuwa nyingi. Ziache.

Wakianza kucheza utaona jambo litakalokusumbua: wote wanane watakuwa pale ulipo mpira, na goli limeachwa wazi. Usipige kelele "beki rudi, winga panua". Mtoto wa umri huo akili yake yote iko kwenye mpira, na nafasi za uwanjani bado hazimwingii. Badala yake badilisha uwanja. Kila timu ipe magoli mawili madogo, moja kila kona. Goli la kulia likizibwa, wataliona la kushoto liko tupu, na ndani ya wiki chache utawaona wanaanza kutawanyika wenyewe. Uwanja umewafundisha.

Sheria wape chache. Mikono hapana, isipokuwa golikipa. Kusukuma na kukwatua ni faulo. Mpira ukitoka pembeni unarushwa kwa mikono miwili, kutoka nyuma ya kichwa, miguu yote ikigusa chini. Hili wanalipenda, watalifanyia mazoezi hadi njiani kurudi nyumbani. Kuotea, yaani ofsaidi, kuache kabisa mpaka wafike uwanja mkubwa. Na umakipa uzunguke, kila mtu kwa zamu yake, mnene na mwembamba, maana kawaida yetu ni kumbandika golini yule asiyejua kukimbia, naye anakaa hapo mpaka anamaliza darasa la saba.

Kuhusu wasichana nakuomba uwe mkali. Wataambiwa wakacheze netiboli, na netiboli ni mchezo mzuri, lakini mpira wa miguu pia ni wao. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa, walikwenda India, Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17. Walifungwa na Japani 4-0 mechi ya kwanza, wakanyanyuka wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakafika robo fainali. Wasimulie watoto habari hiyo siku ya kwanza, wavulana na wasichana pamoja. Mzazi akikuambia binti yake anavaa hijabu, mjibu kwa heshima kwamba sheria za mchezo zimeruhusu rasmi kufunika kichwa tangu 2014. Avae bukta ndefu au suruali ya michezo, acheze. Ikibidi, mwanzoni wape wasichana kiwanja chao, kwa sababu wavulana waliotangulia kucheza mtaani watawanyima pasi, na mtoto anayenyimwa pasi huacha kuiomba.

Kupiga mpira kwa kichwa usifundishe. Najua kuna mtoto atasimama akuambie kwamba Samatta, akiichezea Aston Villa, aliwafunga Manchester City kwa kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi la England, Machi 2020. Ni kweli, na mimi nililia kwa furaha ingawa Villa walipoteza fainali ile 2-1. Lakini Samatta alikuwa mwanaume wa miaka 27, mwenye shingo ya mwanaume. Marekani waliwazuia watoto wa miaka 10 kushuka chini kupiga kwa kichwa, na England mwaka 2020 wakatoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kichwa mazoezini. Ubongo wa mtoto si wa kuchezea. Na mtoto akigongwa kichwani, hata akisema yuko sawa, siku hiyo hachezi tena. Mjulishe mzazi wake.

Kabla ya kila kipindi tembea uwanja mzima na watoto wanne, mwokote vigae vya chupa, miiba na vijiti. Magoli ya mirunda yachimbieni shimo la kutosha, na mtambaa panya ufungwe kwa misumari na kamba. Goli lililosimamishwa juu juu likimwangukia mtoto linaua. Ukiwakuta wanabembea juu yake, simamisha mchezo hapo hapo. Jua la huko ni kali, kwa hiyo chezesheni kuanzia saa 10 jioni ikiwezekana, au mapema asubuhi. Na maji, mama: najua pale juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida, lakini usimchezeshe mtoto bila maji ya kunywa. Kila mmoja aje na chupa yake, na mwalimu mkuu akubali ndoo moja yenye mfuniko iwe ya michezo. Msimu wa korosho ukifika wengine watakuja wameshachoka na kazi ya kuokota tangu alfajiri. Hao waangalie usoni, wapumzishe bila kuwaaibisha.

Halafu kuna hili la UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Ukianza tu, watakuja kukuuliza timu ya shule iko wapi. Timu itapatikana. Lakini usichague wachezaji mwezi wa kwanza ukawaacha wengine wabaki kushangilia. Mtoto aliyezaliwa Januari na mwenzake wa Desemba wako darasa moja, na karibu mwaka mzima katika umri huo unaonekana kwenye mguu na kifua. Aliye mfupi leo unaweza kumkuta darasa la sita ndiye anayekupangia mchezo wote.

Kukimbia kuzunguka uwanja usikufanye adhabu. Aliyefanya kosa kwenye mchezo mtoe dakika mbili, akae karibu nawe, umweleze, kisha arudi. Na kwenye kugombania goli au sio goli, waache wajadiliane kwanza kabla hujapuliza filimbi. Mara nyingi watafika.

Nimekuwekea mipira minne ya namba 4, filimbi, pampu na sindano zake tatu. Utapewa na kondakta wa basi la Mtwara, nitakupigia siku basi likitoka. Sindano ilowanishe kwa mate kabla ya kuichomeka, ikiingia kavu inararua mdomo wa mpira na upepo hautakaa. Ukiandika, niambie idadi ya watoto wa kila darasa nikuchoree namna ya kugawa viwanja.

Baba yako akupendaye