Barua kwa madereva wa masafa marefu wenye watoto wadogo

Wanangu mnaokwenda Zambia na Kongo,

Poleni na barabara. Mimi ni mzee wenu. Niliingia kwenye malori mwaka 1979 nikiwa utingo, nikakabidhiwa usukani mwaka 1985, na nilishuka kwa mara ya mwisho mwaka 2014. Leo sina neno la breki wala la foleni. Nawaandikia habari ya watoto mliowaacha nyumbani, hasa wale ambao bado hawajaanza darasa la kwanza.

Nilipokuwa nikirudi safari, nyumbani kwangu Tandika kulikuwa na amri moja: "Nyamazeni, baba kalala." Mke wangu aliitoa kwa huruma, kwa sababu aliniona nilivyochoka. Watoto walinyata. Wakitaka kucheka walikwenda kwa jirani. Nilikaa siku mbili au tatu, nusu usingizini na nusu gereji, kisha nikaondoka tena. Sikuona kosa. Gunia la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni liko jikoni, mchele wa Kyela umo ndani, ada imelipwa. Baba gani tena anatakiwa?

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea binti yangu mkubwa. Naye sasa ana watoto wawili. Nimekaa kwenye kochi, sina usingizi wala nini, wajukuu wakaanza kukimbizana. Mama yao akatoa sauti ya chini kutoka jikoni: "Nyamazeni, babu kakaa." Hakusema kalala. Alisema kakaa. Nilinyanyuka nikatoka uani, machozi yakinilengalenga. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Ndivyo alivyojifunza kuishi na mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nacho cha kuwapa. Barabara yetu inakatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi. Nimeona tembo wamesimama kando ya lami usiku, masikio yanapepea. Nimeona twiga anavuka mbele ya gari bila haraka, kama mwenye barabara yake. Nimepanda mlima wa Kitonga kona baada ya kona nikiwa nyuma ya lori linalotoa moshi, na mawingu yako chini yangu. Mtoto wa miaka minne angesikiliza hayo mpaka usingizi umchukue. Wangu hawakuyasikia. Niliyasimulia vijiweni, kwa watu wazima walioyaona wenyewe.

Hebu fanyeni hesabu pamoja nami. Tangu mtoto azaliwe mpaka afike miaka sita ni jioni kama 2,190. Dereva anayelala kwake siku 6 kwa mwezi anapata jioni 432. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya uzazi isiyopungua siku 3, lakini sharti azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Aliyenasa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, wiki hiyo, zimempita. Kwa hiyo mkeo akikaribia kujifungua, zungumza na bosi mapema upangiwe safari fupi. Mimi sikuzungumza.

Najua mtanijibu: mzee, dereva asipolala anaua watu. Kweli kabisa, laleni. Ila msiingie mlangoni moja kwa moja mpaka kitandani. Kaa kwanza kwenye mkeka saa moja, simu iwe mbali. Na ukilala mchana, mwache mdogo aje ajilaze ubavuni kwako; atakupiga mateke, atakufungua jicho kwa kidole aone kama umo ndani. Vumilia. Usingizi mwingine utaupata usiku.

Yuko pia yule wa mwaka mmoja na nusu ambaye akikuona anapiga kelele na kumng'ang'ania mama yake. Usikasirike, na usimvute kwa peremende. Kwake wewe ni mgeni mwenye ndevu. Kaa chini, shughulika na kitu kidogo, menya chungwa taratibu. Atakuja mwenyewe kuangalia. Akikugusa goti, usimnyakue. Mpe kipande cha chungwa.

Kazi ya kuwaogesha ichukueni ninyi. Mwambie mkeo, leo pumzika. Mimi nimejifunza uzeeni. Mjukuu anayekaa kwangu ana miaka minne, na kila jioni namwogesha uani kwenye karai. Ana kikopo cha plastiki chenye tundu chini. Anakijaza maji, anakinyanyua juu ya kichwa, anatazama uzi wa maji unavyoshuka kwenye pua yake. "Babu, kikopo kinakojoa!" Anacheka mpaka anakohoa. Anakijaza tena. Siku moja nilihesabu, alirudia mara 23, na kila mara alinigeukia aone kama nimeona. Zamani ningesema oga upesi, maji yanapoa. Sasa nimekaa kwenye kigoda, miguu yangu imelowa, na sina pa kwenda. Sabuni inamteleza, anaitafuta kwenye povu kwa mikono miwili kama mtu anayevua samaki. Wanangu, hakuna mzigo niliowahi kuufikisha ambao ningeubadilisha na hilo.

Ninyi mna kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Mimi nilituma salamu kwa dereva mwenzangu aliyekuwa anateremka Dar. Wewe ukiwa foleni mpakani Tunduma unaweza kuiona sura ya mwanao kwenye simu. Basi usiitumie nafasi hiyo kumhoji: unamsikiliza mama, umesoma, kwa nini umelia. Mwache ashike simu mwenyewe. Atakuonyesha dari, atakuonyesha kidonda cha kidole cha mguu, ataanza habari ya paka wa jirani na kuipoteza katikati. Muulize, "Ehe, paka akafanyaje?" Msikilize mpaka mwisho, hata kama mwisho hauna paka.

Na ukipita Mikumi safari hii, mwambie utingo awahesabu tembo, wewe macho yako yabaki barabarani. Ukiegesha Iringa asubuhi piga simu nyumbani. Mwanao atauliza walikuwa wangapi, na kama mtoto wa tembo alikuwepo, na alikuwa upande gani wa mama yake. Mjibu yote.

Mzee wenu,
Dereva mstaafu, Tandika