Mama, msomee Baba Mukubwa barua hii yote

Liège, Novemba

Mama mpendwa,

Sauti ya Baba Mukubwa ilinifikia juzi usiku. Nimeisikiliza mpaka mwisho, hata pale anapokohoa na kuomba maji. Safari ya Bunkeya ya kumkumbuka Mwami Desemba 20 inataka gari, unga, mafuta na vitenge vya wakina mama, na macho yote yako kwangu. Sawa, pesa nitatuma. Kilichoniuma ni maneno yaliyofuata baada ya pesa. Eti nimemvua nguo Mwami Msiri, mfalme wetu wa zamani, mbele ya Wazungu. Eti Maria, mke wa Mwami niliyeandika kitabu kizima juu yake, ndiye aliyemuuza Mwami, na baba angekuwa hai angenikana. Mama, hilo la baba limenichoma. Ni yeye aliyenisimulia habari ya Bunkeya kwa mara ya kwanza, umeme umekatika, wewe unasonga bukari, ugali wetu. Kwa hiyo nimejibu. Umsomee polepole, usiruke kitu.

Mimi mzima. Kazi ipo, nyumba ina joto, mtoto anasoma vizuri. Tuyaache hayo.

Kwanza ufurahi nami. Mwezi uliopita niliitwa kusoma kitabu changu kwenye maktaba ya mji. Ukumbi ulijaa, Wakongo walitoka Bruxelles, wengine hawakupata kiti. Nilisoma kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha nyumbani, na rafiki mmoja akawasomea wengine kwa Kifaransa. Nilipomaliza walisimama wote. Mama mmoja wa Likasi alinishika mikono hakuniachia, analia tu. Na mkataba wa kuchapisha nimeshatia sahihi. Mtoto wa Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi! Waambie majirani, na wale waliosema ninapoteza ujana kwa kuandika waambie pia.

Sasa tuje kwa Maria.

Baba Mukubwa anajua kuliko mimi kwamba Msiri hakuzaliwa Katanga. Baba yake Kalasa alitoka Usumbwa, upande wa Tabora, akifuata shaba. Kijana akabaki, akaoa, akapigana, akaujenga ufalme wa Garenganze na mji wake Bunkeya, hata misafara ikawa inamjia kutoka pwani zote mbili, Zanzibar huku na Benguela kule. Zilitoka pembe, shaba na watu waliofungwa. Ziliingia bunduki, baruti na nguo. Nimeyaandika yote, pamoja na mafuvu yaliyowekwa juu ya miti ya boma. Mmisionari Frederick Arnot alipofika pale mwaka 1886 aliyakuta. Nikiyaficha mimi mjukuu, nitakuwa nimempenda Mwami gani? Wa kubuni?

Na Mwami alioa kama alivyotawala: kila alikotaka urafiki, habari au silaha, alichukua mke. Maria de Fonseca alitoka kwenye ile njia ya magharibi, kwa watu wa damu ya Kireno na ya Kiafrika, jamaa ya mfanyabiashara Coimbra. Hapo ndipo moyo wangu uliponasa. Mwanamke anaingia nyumba ya mfalme kama sehemu ya biashara, kichwani ana mambo ya kwao: bei, njia, madeni, nani anamdanganya nani. Halafu mfalme anampenda kuliko wenzake. Amwambie lipi, amfiche lipi? Akisema yote, ndugu zake wameharibikiwa. Akinyamaza, mume wake anaibiwa na yeye anaona.

Nimetunga usiku mmoja, Baba Mukubwa, ukisoma kipande kimoja tu usome hicho. Maria amepiga magoti penye pipa la baruti lililofika jioni. Anachota kidogo, anasugua kati ya vidole, ananusa, anaiona imechanganywa na mkaa uliosagwa. Mzigo ni wa ndugu yake. Mwami amekaa mlangoni, hamwangalii, anauliza tu: nzuri? Anajua. Na Maria anajua kwamba anajua. Nimeandika kurasa nyingi za maneno wanayoambiana baada ya hapo, na yale wasiyoambiana. Hakuna nguo iliyovuliwa pale. Ni mtu mkubwa anayeamua kumwachia mke wake siri moja, kwa sababu akimnyang'anya hiyo hatabaki na kitu cha kwake.

Sasa hilo la kumuuza. Alimuuza kwa nani, na kwa bei gani? Tangu 1885 Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alikuwa ameshaitia Katanga ndani ya mipaka yake kwenye ramani, wala hajawahi kuikanyaga. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja kwa niaba ya Waingereza wa Cecil Rhodes, Mwami akamkatalia. Desemba 1891 akaja Stairs kwa ajili ya Leopold, pamoja na Bodson Mbelgiji, Marquis de Bonchamps Mfaransa, daktari Moloney, na mamia ya askari na wapagazi wa Zanzibar. Mwami akaikataa bendera. Stairs akaipandisha mwenyewe bila ruhusa. Mwami akaondoka mjini akaenda kijiji cha Munema, na tarehe 20 Bodson akamfuata huko, akampiga risasi. Bodson naye alipigwa siku hiyohiyo akafa. Wasanga, watu aliowatawala, walikuwa wameshaasi, nchi imechoka. Niambieni, katika hayo yote mkono wa Maria uko wapi? Watu waliokuja na bendera mzigoni tangu Ulaya walihitaji mwanamke wa kuwaonyesha mlango?

Lakini msiba ukiingia, wa kwanza kutazamwa ni mke aliyetoka mbali. Wanaume walikuwa wengi pale, wenye bunduki na wenye cheo, na mpaka leo wazee wakisimulia, lawama inaenda kwake. Nimekataa kuiandika. Nitakataa hata nikiitwa mbele ya ukoo.

Na mama, wewe unajua kwa nini naongea hivi. Nelly, mchumba wa Deo. Nasikia Baba Mukubwa amerudisha ile bahasha, hataki hata kusikia habari ya mahari, kwa sababu imejulikana Nelly ana mtoto anayelelewa na bibi yake Dilolo. Wanasema ana siri, watu wake hawajulikani, nusu wako ng'ambo ya mpaka, Angola. Ndiyo, alimficha mtoto. Alimficha kwa sababu anatujua. Alikaa mezani kwetu Pasaka nzima akasikia tunavyomsema binti wa jirani kwa jambo lilelile; wewe ungetoboa? Deo alijua tangu mwanzo. Aliambiwa yeye, anayehusika. Mwanaume anayejua na bado anataka, sisi tunamlinda na nini? Ukoo unaojisifu kwa Mwami aliyeoa kutoka kila upande unamkataa msichana wa Dilolo!

Nimekasirika, najua unanisikia. Usiku nikikasirika hivi ndipo nyumbani kunaniita zaidi. Mvua zimeshika? Udongo mwekundu wa parseli, kiwanja chetu, unanata viatuni mpaka mtu anaacha kimoja nje? Jana nilisonga bukari, nikatafuta bitoyo, samaki wetu wa chumvi, maduka yote ya Waafrika, hakuna. Nikala na samaki wa hapa. Nilishiba lakini sikula. Na hiyo parseli, narudia, isiuzwe wala isigawanywe kabla sijafika, hata Dada Chantal akija na karatasi gani.

Pesa nitatuma dola 450, kwa jina la Deo. Dola 300 ni za Bunkeya: gari, unga (nunueni Likasi, msibebe kutoka Lubumbashi), mafuta, vitenge. Dola 150 ni za kumleta mtoto wa Nelly kutoka Dilolo pamoja na bibi yake, waonwe nyumbani kama watu. Hizo 150 zisiguswe kwa jambo lingine, na Baba Mukubwa asikie hivyo kutoka mdomoni mwako, si kwa Deo. Kitabu kikitoka, nakala ya kwanza ni yake. Ana haki ya kunikatalia akishasoma, na akinikatalia nitamheshimu kama ninavyomheshimu sasa, ndiye aliyetushika mkono baba alipoondoka. Ila asome.

Nitumieni picha ya kitenge mlichochagua na hesabu ya vipande, nimalize malipo kabla ya Jumapili. Nelly awe ndani ya hesabu.

Binti yako,
Mireille