"Mzee, hii ni simiti tu"

Mhariri,

Miaka 19 nalinunua gazeti lako na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya Jumanne, ya nyumba kuukuu zinazovunjwa kupisha magorofa, imenishinda kunyamaza. Mmetaja bei za fleti, mmetaja mpaka maegesho. Mapaa ya zamani yanakwenda wapi? Hamna hata mstari mmoja.

Mimi nakaa Tudor, hapa Mombasa. Julai, kusi ikivuma, kontrakta alileta vijana wanne kuvunja nyumba tunayopakana nayo. Paa ni asbesto, yale mabati mazito ya kijivu ya simiti iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, ambayo vipande vyake tulivichorea sakafuni utotoni kama chaki. Nikawaambia: wanangu, hilo halipigwi nyundo. Linaroweshwa maji kwanza, misumari inang'olewa taratibu, bati linateremshwa zima, linafungwa kwa karatasi nzito ya nailoni, kisha linachukuliwa na mwenye leseni likazikwe panaporuhusiwa. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari; sikuzitunga mimi. Mmoja, kajifunga fulana puani (kama kwamba fulana itazuia kitu), akanijibu, "Mzee, hii ni simiti tu." Nyundo zikaendelea. Vumbi lote likaletwa kwangu na upepo: kwenye nguo nilizoanika, kwenye mtungi, kwenye sahani ya mjukuu wangu wa miaka mitatu. Nyuzi zile hazionekani kwa macho, zikizama pafuni hazitoki, na saratani yake yaweza kungoja miaka 30 au 40 ndipo ijitokeze. Mimi sina miaka hiyo. Yeye anayo. Nikapigia simu ofisi inayohusika, nikaambiwa niandike barua. Jioni mwenye mkokoteni akapita na vipande, akaniuliza kama nataka vya kuezekea banda la kuku!

Na hayo maji je? Mfereji ukikauka wiki mbili, hapo jirani watu walikinga mvua ya paa lilo hilo. Leo paa halipo, mfereji bado mkavu, na mtungi wa maji wapanda bei kila ukiuliza.

Dawa ninayo. Anayetia sahihi vibali vya kuvunja nyumba na aje kwangu Ijumaa, kanzu nyeupe, akae chini ya mwembe wangu toka saa mbili mpaka adhana ya adhuhuri, nyundo zikilia. Kahawa na kashata nitatoa mimi.

Mzee wa Tudor,
Mombasa