Usiifunge Lenzi Kwenye Boti

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, nimefurahi mno kusikia kwamba Agosti hii unakuja Watamu kuwapiga picha nyangumi wa nundu, na kwamba umeazimwa lenzi ya milimita 500. Ila uliposema unatafuta tripodi imara ya kuibebea lenzi hiyo botini, moyo ulinishtuka. Iache nyumbani.

Mwaka wangu wa kwanza nami nilibeba. Niliifunga miguu yote mitatu kwa kamba kwenye mataruma, zile mbavu za boti, nikaona nimemaliza kazi. Nyangumi akaruka mara tatu, karibu mwili mzima nje ya maji, na sikupata hata picha moja safi. Boti ikiyumba, tripodi huyumba nayo. Injini ikinguruma, mtetemo hupanda na chuma hadi kwenye kamera. Kuiegemeza lenzi ukingoni ni kosa lilelile. Mwili wako ndio ukae kati ya boti na kamera.

Kaa katikati. Omo, yaani mbele ya boti, ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Ukisimama, tanua miguu, legeza magoti, uyaache mawimbi yaishie kiunoni. Mkono wa kushoto uibebe lenzi kwa chini, viwiko uvibane mbavuni. Utachoka, kwa hiyo ishushe mapajani kila unapongoja.

Nchi kavu, spidi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ya sekunde 1/500 huweza kutosha kwa lenzi hiyo. Baharini mimi sishuki chini ya 1/2000, hata kama ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, itapanda na picha ikawa na chengachenga. Hizo utazipunguza baadaye kwenye kompyuta, mtikisiko hutaufuta. Kile kitulizaji cha ndani ya lenzi kiwashe, lakini usikitegemee kupita kiasi: kinatuliza mikono yako, hakimtulizi nyangumi, na wimbi kubwa linakishinda.

Jambo lililonichukua miaka kulielewa ni hili. Nyangumi hawa hutoka bahari za Antaktika kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, nao hufika upepo wa kusi ukiwa bado unavuma. Bahari shwari usiitarajie. Lakini wimbi likiinyanyua boti hadi kileleni, kuna nukta moja ambapo haipandi wala haishuki. Bonyeza hapo, picha tano sita mfululizo. Kabla ya nyangumi kutokea, jizoeze kwa membe, ndege wa baharini, wanaopita, kidole kitajifunza.

Na tafadhali, usimsihi nahodha asogee, hasa ukiona mama na ndama wake. Lenzi ndefu umeibeba ili wao wakae kwa amani.

Nahodha nimekwisha zungumza naye. Mtatoka alfajiri, kabla upepo haujakaza. Nimekuwekea taulo kavu mbili za kufunika kamera, maana chumvi ya kusi hupenya kila mahali.

Baba yako