Risala ya Kikundi cha Watu Wanaoishi na VVU kwa Mgeni Rasmi, Siku ya UKIMWI Duniani, Newala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Newala, Mheshimiwa Diwani, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mtendaji wa Kata, viongozi wetu wa dini, ndugu waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika maadhimisho haya ya Desemba 1. Tunajua wengi hapa wameacha korosho chini ya mikorosho, kwa hiyo historia ya kikundi tutaipitia juu juu. Tulizoeana kwenye benchi la CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, tukisubiri dawa, tukaanzisha kikoba, na leo tunakopeshana mitaji, tunafuatiliana dawa na tunazikana, ingawa hilo la mwisho siku hizi ni la nadra.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu wa kikundi wanakumbuka enzi za kabla ya mwaka 2004, Serikali ilipokuwa haijaanza kutoa bure ARV, yaani dawa za kufubaza VVU. Mtu aliletwa kutoka Dar es Salaam amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha basi, aje kufia kwao. Sasa tunameza kidonge kimoja kwa siku, ndani yake mna dawa tatu. Na tangu mwaka 2016 anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke kwanza.

Kuna jambo ambalo tungependa viongozi wetu walitamke kwa sauti, misikitini, makanisani na kwenye mikutano ya vijiji. Mtu anayemeza dawa vizuri, hadi kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha havionekani, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Watafiti wamewafuatilia wenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, na hawakumpata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake ambaye virusi vyake havionekani. Sisi tunao wenzi wa namna hiyo, na watoto wao ni wazima. Wapo hapa uwanjani, pengine umekaa nao jirani.

Sasa tuje kwenye swali tunaloulizwa kila wiki: dawa ya kuponya imefika wapi?

Wapo waliopona. Wa kwanza kujulikana ni Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu mjini Berlin. Alipandikizwa uboho wa mtu ambaye chembe zake hazina mlango ambao kirusi hupitia kuingia. Virusi havikurudi hadi alipofariki kwa saratani hiyohiyo mwaka 2020. Baada yake wamefuata wachache, wa kuhesabika kwa vidole. Lakini upandikizaji huo wenyewe unaweza kumuua mtu, na hakuna daktari atakayemfanyia mgonjwa ambaye kidonge kinamtosha. Ugumu ni kwamba VVU hujificha vimelala ndani ya chembe za kinga, mahali ambapo ARV haziwezi kuving'oa. Ukiacha dawa, ndani ya wiki chache vinaamka. Utafiti unaendelea, nasi tunauombea, ila hatuahirishi kidonge cha leo kwa ajili yake.

Imezuka pia habari ya sindano. Lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa Uganda na Afrika Kusini, na matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba kati ya wasichana na wanawake zaidi ya 2,000 waliochomwa hakuna aliyeambukizwa. Ni habari kubwa kwa mabinti zetu. Hata hivyo wapo waliokuja kutuuliza lini watachomwa wapone, ikabidi tueleze taratibu kwamba hiyo ni kinga kwa asiye na VVU, haimponyi aliye navyo.

Penye kiu hiyo ndipo wauzaji wanapopenya. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500, kilichodaiwa kuponya. Siku hizi kikombe kinatufuata kwa pikipiki yenye spika, tena wiki ileile malipo ya korosho yanapoingia. Msimu uliopita mwenzetu alinunua dumu la maji machungu, akaweka vidonge kando. Tulipomfikia, suruali aliifunga kwa kamba. Amerudi kliniki, anaendelea vizuri, lakini pesa ya korosho imekwenda. Tunaomba ofisi yako iwabane watu hawa kabla mnada wa korosho haujaanza, maana baada ya mnada wameshaondoka.

Mheshimiwa, msimu wenyewe nao ni mtihani. Familia huhamia mashambani, nauli ya kurudi kliniki inauma, na kopo la vidonge linalia kwenye mfuko kila ukipiga hatua. Akina mama hushindilia pamba ndani ili linyamaze. Wengine humimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni na kutupa kopo pamoja na kile kipakiti cha kukausha unyevu, dawa ikaharibika kwa jasho na joto. Yote hayo kumkwepa shemeji asiulize. Kwa hiyo ombi letu kubwa ni wenzetu ambao virusi vimefubaa wapewe dawa za miezi sita kabla ya mwezi Septemba, na pale zisipotosha, mwanakikundi mmoja aruhusiwe kuwachukulia wenzake. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipotetereka, tuliona jinsi hofu ya kukosa dawa inavyowakosesha watu usingizi. Bajeti ya ndani ndiyo itakayotutuliza.

La mwisho linawahusu wasiojua hali zao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU nchini, takribani 83 tu ndio wanaojua. Wakishajua, karibu wote wanatumia dawa. Kazi imebaki kwa hao 17, na tunavyoona huku kwetu wanaume ndio wazito zaidi. Banda la kupima liko pale chini ya mwembe. Tangu asubuhi foleni yake ni kanga na mitandio. Tunakuomba Mheshimiwa, ukishatoa hotuba yako, uwaongoze kina baba.

Tunaomba kuwasilisha.